Shemeji Yangu Adui

Shemeji yangu ananoa visu, na kwa sura aliyo nayo, angepata kazi nyingine yoyote ningeshukuru. Angeuza maua, kwa mfano. Mwenye uso wa kutisha akishika ua, watu husema maskini, ana moyo mzuri. Akishika kisu, hawakai kusema lolote.

Tunamwita Cheche. Ana baiskeli kuukuu ambayo haijawahi kumfikisha popote, kwa sababu ameisimamisha juu ya stendi, gurudumu la nyuma haligusi chini, na mkanda umetoka kwenye gurudumu hilo mpaka kwenye jiwe la kunolea lililofungwa mbele ya usukani. Anapanda, anakanyaga pedali, jiwe linazunguka, cheche zinaruka. Jina lilitoka hapo. Wengine husema lilitoka usoni, maana upande wake wa kushoto, kuanzia kwenye jicho hadi shingoni, uliungua utotoni ukapona vibaya, ngozi ikajikunja na kumeta. Watu hupenda kuambiwa kwamba aliungua akiokoa mtoto motoni. Hapana. Aliungua kwa sababu alikuwa mtoto na sufuria ya mafuta ilikuwa karibu. Mke wangu, ambaye ni dada yake wa tumbo moja, alikuwepo, na husema siku ile hakuna aliyeokolewa ila sufuria.

Kazini anajua kukaa. Baiskeli huielekeza ili shavu la kushoto litazame ukuta na la kulia litazame wateja. Kisu kikiwa tayari hukijaribu kwenye ukingo wa gazeti, hukifunga kwa gazeti hilohilo, kisha humpa mteja mpini kwanza huku yeye akitazama pembeni, ili mwenzake asilazimike kumwangalia. Akina mama mtaani hulitumia jina lake kama dawa ya hamu ya kula. Mtoto akigoma, anaambiwa, "Haya, namwita Cheche," na sahani inaisha. Nadhani amelisha watoto wengi kuliko baba zao, na hakuna aliyewahi kumwambia ahsante.

Ukimjua utacheka. Mtu mwenyewe ni mwoga wa kupindukia. Panya akikatiza chumbani kwake hugonga ukuta ili mimi niende. Kuku wake humpelekea jirani amchinjie, yeye anangoja nje. Akijikwaa kwenye jiwe huliomba radhi. Nimemsikia kwa masikio yangu.

Mimi naitwa Spika, na si yule wa bunge. Nina ukumbi wa video, mabenchi na turubai jeupe ukutani, na kazi yangu ni kutafsiri filamu. Huteremsha sauti yao, nikashika maiki, nikawasemea wote: mwanamume, mwanamke, mbwa na mlango unaolia. Mtu akiniuliza najua lugha ngapi za kigeni, humjibu kwamba ana wivu. Filamu mpya huitazama kwanza peke yangu nikiwa nimezima sauti kabisa, nikasoma nyuso, kwa sababu maneno yao hunichanganya. Wateja hawajawahi kulalamika. Kuna filamu moja ya watu wa mateke niliitafsiri mwaka mzima kuwa ugomvi wa shamba, hadi akaja mtu aliyeijua lugha ile, akasema ni habari ya ndoa. Watu wakamwambia akae chini, wanataka kujua shamba limekwenda kwa nani.

Sheria za ukumbi wangu ni mbili na kila mtoto anazijua kabla hajajua kusoma. Stelingi ni yule mzuri, na stelingi hafi. Adui ni yule mbaya, na hufa mwishoni.

Sasa huyu Cheche, mwoga wa panya, akapendwa. Mkabala na ukuta wake kuna chumba cha msusi mmoja, mjane, mwanamke mwenye maneno ya kuwatosha watu wawili, na kwa kuwa shemeji yangu hana hata ya kumtosha mmoja, hesabu ilikaa sawa. Alikuwa akileta mkasi wake kunolewa, anakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, anasimulia, Cheche anakanyaga pedali. Hakuna aliyetilia maanani. Hata mimi, ambaye kazi yangu ni kusoma nyuso, nilidhani ni mambo ya mkasi. Siku moja akasema kwa sauti, mtaa mzima ukisikia, "Cheche, nimechoka kuubeba mkasi huu. Njoo uunolee nyumbani."

Mguu wa shemeji yangu ukatoka kwenye pedali. Akasema yuko tayari kwenda, ila baiskeli itambidi aifungue vipande. Ilibidi mke wangu amweke chini jioni ile na kumweleza polepole kwamba ameposwa.

Kungekuwa na harusi wakati uleule kama nyumbani kwa msusi kusingekuwa na mama. Mama huyo alikuwa mkunga, na ingawa amestaafu, bado tunamwita Mkunga, kwa sababu nusu ya mtaa imepita mikononi mwake. Ukibishana naye anakukumbusha ulivyokuja duniani. "Usiniinulie sauti wewe, ulitanguliza miguu." Utamjibu nini mtu wa namna hiyo? Binti yake alipomletea habari, Mkunga alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwanangu," akasema, "yule mtu ana sura ya kesi."

Msusi, pamoja na mdomo wake wote, ana mpaka mmoja tu, nao ni mama yake. Akatuambia wazi: mama akikubali ataolewa hata kesho, mama akikataa ataendelea kuubeba mkasi mpaka uzee. Cheche akasema anamwelewa Mkunga kabisa. Hilo ndilo lililonikera. Mtu ananyimwa mke, na yeye anamwelewa anayemnyima!

Mambo yalikuwa yamekwama hapo walipofika watu wa filamu. Walikuwa wageni kutoka mbali, wana gari kubwa la vyombo, mwongozaji mfupi mwenye kofia, na mkalimani kijana ambaye Kiswahili chake kilinyooka sana, kama nguo iliyopigwa pasi na kuachwa na kibandiko chake. Walikuwa wanatengeneza filamu ya majambazi na walitaka sura za mtaani. Mkalimani aliazima maiki yangu, akasimama mlangoni kwangu, akatangaza, "Tunatafuta watu wabaya."

Lugha yetu ina ubahili wake. Mbaya wa roho na mbaya wa sura tumewapa neno moja, wagawane wenyewe. Nani atanyoosha mkono? Kisha ukarimu wetu ukaonekana, kila mtu akamtaja jirani yake. Mume mmoja alimtaja mkewe, na nasikia mpaka leo anajipikia.

Mwongozaji akaona itachukua muda, akaanza kuchagua mwenyewe. Akamchukua mbeba mizigo wa sokoni, mwenye kibyongo. Akamchukua fundi magodoro, mwenye jicho moja. Cheche alimpita, maana alimwona upande wa kulia. Halafu akarudi, sijui aliona nini, akamwashiria kwa kidole: geuka upande ule. Tangu nimjue shemeji yangu, sijawahi kusikia mtu akimwomba aonyeshe upande ule. Akageuka taratibu. Mwongozaji akapiga makofi na kuwaita wenzake waje kuona.

Kwa upande wa polisi walimchagua Meno. Meno ni kijana mrefu, mzuri, ana tabasamu la tangazo la dawa ya meno, na ndiye mtu pekee mtaani kwetu anayeiba. Kila mwanamke aliyewahi kuanika shuka anamfahamu. Wakamvika sare ya inspekta, ikamkaa kama kazaliwa nayo. Mwisho wa kazi sare hiyo haikuonekana tena, na wageni walikwenda kuitafuta kwa fundi magodoro.

Nilimfuata mkalimani nikamwuliza mbona waliopewa ubaya wote wana kitu mwilini, na waliopewa wema wote wametimia. Akanijibu kwa upole kwamba mtazamaji lazima amtambue adui mara moja, bila kuelezwa. Nikamwambia mimi nakula kwa kueleza. Hakuona uhusiano.

Cheche alikubali kuwa muuaji mkuu kwa sababu hajui kukataa. Habari ikafika kwa Mkunga kabla yeye hajafika nyumbani. Mke wangu akanikokota twende tukazime moto, tukamkuta bibi anachambua mboga kizingitini.

"Mama, ile ni kazi tu," mke wangu akasema. "Ni maigizo."

"Maigizo." Mkunga hakuinua macho. "Wale wageni wametoka huko walikotoka, hawamjui mtu hapa. Wakamwona mara moja tu, wakasema muuaji ni huyu. Na mimi niliyezeeka naye mtaa mmoja nijifanye sikuona?"

"Wametazama sura, mama."

"Na mimi nimetazama nini, mwanangu? Figo?"

Nikacheka. Mke wangu akanikanyaga.

"Sikilizeni," Mkunga akasema. "Mimi si mtu wa kuonea. Nitaitazama hiyo filamu kwa macho yangu. Nikiona amemkata mtu, hapa kwangu haingii. Mkono ukishajifunza njia, haupotei."

Basi hukumu ikawekwa hivyo, na shahidi ni filamu. Msusi alikuwa ndani anasikia yote. Alipotusindikiza hakusema neno hata moja, na hilo kwa msusi ni sawa na mwingine kulia barabarani.

Walipiga picha zao kwenye jengo moja ambalo halijamalizika, wakafunga njia, hatukuruhusiwa kusogea. Cheche akawa anarudi jioni sauti imemkauka. Mke wangu anamchemshia maji ya tangawizi, anamwuliza wamemfanya nini huko.

"Nanguruma," anajibu kwa kunong'ona.

"Unasema nini unaponguruma?"

"Wameniambia niseme tu."

Hatukupata zaidi ya hapo. Wageni wakafungasha vyombo, wakaenda, na kwa muda mrefu tukadhani filamu yenyewe imepotea huko duniani. Kisha mkalimani, kijana mwenye adabu, akaituma kwangu kwenye flashi, na mtaa ukaanza kuulizana siku. Mkunga aliuliza kabla ya wote.

Siku hiyohiyo Cheche akaja ukumbini, akasimama karibu na ukuta kama kawaida yake.

"Shemeji, usiionyeshe."

"Kwa nini?"

"Kuna maneno mle."

"Maneno?" nikamwambia. "Maneno niachie mimi, ndugu yangu. Nimewasemea wafalme."

Akaomba radhi kwa usumbufu, akaondoka. Nilijua anaogopa nini, au nilidhani najua. Nikafunga mlango, nikazima sauti, nikaitazama peke yangu. Ilikuwa mbaya, kwa maana zote mbili. Binti mzuri amefungwa kwenye kiti, Cheche amemwekea kisu shingoni, macho yamemtoka, mdomo umepinda, mate yanaruka. Halafu kamera inahamia ukutani, na ukuta unarukiwa na wekundu. Mwishoni yuko juu ya jengo, ana bastola, anamfokea stelingi muda mrefu ajabu, kisha stelingi anampiga risasi. Nilikaa kwenye benchi nikawaza. Nikamwona Mkunga anavua miwani.

Lakini mimi si wa kushindwa na picha. Nikaamua: Cheche hatakuwa muuaji. Atakuwa mpelelezi wa siri aliyejificha kati ya majambazi. Pale kwenye kisu atakuwa anamnong'oneza yule binti atulie, msaada uko njiani. Wekundu ni nyanya za jikoni. Juu ya jengo atakuwa anamfichulia stelingi kwamba stelingi ndiye mkuu wa majambazi, na ndiyo maana anauawa. Nilifanya mazoezi mbele ya mke wangu. Akanitazama vizuri.

"Ukimharibia kaka yangu," akasema, "utakwenda kula kwa stelingi."

Tukaionyesha Jumapili alasiri. Watu walijaa hadi dirishani. Mkunga alikuja na kiti chake mwenyewe kutoka nyumbani, akakiweka mbele kabisa, msusi kando yake kwenye benchi. Cheche alikaa nyuma karibu na mlango, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi. Hakutaka kuja. Mke wangu alimleta kwa mkono.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Mbeba mizigo alipotokea, watu walimshangilia kama aliyerudi kutoka vitani. Meno alipotokea na sare ya inspekta, mwanamke mmoja akapaza sauti, "Anueni nguo!" na ukumbi ukacheka mpaka benchi moja likavunjika mguu. Mimi nikawa natiririka tu. Stelingi alisema haya, inspekta alijibu yale, gari lilinguruma kwa mdomo wangu.

Ikafika pale kwenye kiti. Kisu kikawekwa shingoni, Mkunga akajivuta mbele, nami nikaanza kwa sauti nzito, "Tulia, dada, mimi si jambazi, mimi ni mpelelezi wa siri..."

"Spika, nyamaza!" mtu akapiga kelele.

Nikaendelea. Huwa hawakosekani wenye wivu.

"Nyamaza, bwana! Anasema Kiswahili!"

Ukumbi wote ukageuka kuwa "sss" moja ndefu. Nikashusha maiki, nikapandisha sauti ya filamu, jambo ambalo sijawahi kulifanya katika kazi hii. Na kweli, chini ya vinubi na ngoma zao za kutisha, shemeji yangu alikuwa ananguruma kwa lugha yetu safi, kwa hasira ya simba:

"...kisu chenyewe nimekitia ubutu kwa mkono wangu, mwanangu, hakikati hata nyanya! Kamba ikikubana, kohoa! Nitamwambia yule wa kofia! Samahani kwa kiganja, kina grisi! Nilinawa lakini haitoki!"

Yule binti akapiga ukelele wa kifo. Mwalimu mmoja aliyekuwa katikati ya ukumbi, ambaye husoma yale maandishi ya kigeni ya chini, akatusomea: "Hapa wameandika, 'Nitakutoa moyo huku nikicheka.'"

Sijui kama umewahi kusikia watu wote wa chumba kimoja wakikosa pumzi kwa wakati mmoja. Mtu alianguka kutoka dirishani, kwa bahati alianguka upande wa ndani. Kamera ikahamia ukutani, wekundu ukaruka, na kutoka pembeni, mahali pasipoonekana, ile sauti ya simba ikasikika: "Pole! Imekuingia machoni? Inatoka kwa sabuni!"

Nilimtazama Mkunga. Hakuwa anacheka.

"Amemkata?" akaniuliza.

"Ni rangi, mama. Mwenyewe amesema."

"Nimesikia alichosema. Endelea."

Baadaye ndipo tulipoelezwa vizuri. Mwongozaji aliwaambia waseme lugha yao, maneno yoyote, mradi yawe mengi na yatoke kwa ghadhabu. Huko kwao nani angejua? Wangeandika chini wanachotaka. Basi fundi magodoro, alipompigia stelingi simu ya vitisho, alimweleza kwa chuki kubwa tofauti ya pamba na sponji. Mbeba mizigo alilalamikia mgongo wake. Kila mmoja alipewa ubaya akaujaza alichokuwa nacho, na shemeji yangu alikuwa na radhi tu.

Nikawaza amepona. Hajakata mtu, hukumu imekwisha. Nilitazama nyuma nimpungie mkono, nikamwona amesimama, ameshika komeo la mlango anataka kutoka, na umati umembana hawezi. Hapo nikakumbuka lile fokeo la juu ya jengo lilivyo refu, na kwamba alikuja kuniomba, nami nikamwambia nimewasemea wafalme.

Stelingi akapanda ngazi. Upepo, mawingu, ngoma. Cheche akageuka na bastola, uso wake wa kushoto umejaa turubai zima, akaanza.

"Wameniambia niseme mpaka yule wa kofia ashushe mkono!" akanguruma. "Sasa niseme nini? Nimekwisha kuomba radhi kwa kila mtu! Mimi nanoa visu! Watoto wakilia wanatishiwa jina langu, nami nikisikia hupita njia ya nyuma, wasinione wakaamini! Leo wamesema wanataka watu wabaya, wakanichukua! Sikuuliza kama ni wabaya wa sura au wa roho! Niliogopa jibu!"

Hakuna aliyecheka. Mwalimu hakusoma ya chini, na hakuna aliyemwuliza.

"Kuna mwanamke mmoja hukaa kwenye ndoo yangu!" akafoka, mishipa ya shingo imesimama. "Huleta mkasi! Mkasi wenyewe si butu! Mimi najua vyuma, si butu hata kidogo! Naunoa hivyohivyo, polepole, ili asiondoke haraka! Mama yake hanitaki! Simlaumu! Hata mimi kioo nakitazama nikiwa na shida! Lakini mama, hapa hunisikii, na hawa hawaelewi, kwa hiyo nitasema! Mama, mimi nakuomba..."

Stelingi akampiga risasi.

Nimefanya kazi hii tangu ujana wangu, na sikuwahi kusikia stelingi akizomewa. Walimzomea siku ile. Walimtupia kofia, walimtupia maganda, mtu alimtupia kiatu kikapiga turubai. Na mbele kabisa Mkunga alikuwa amesimama, kidole kimeelekea pale pale kwenye pua ya yule kijana mzuri.

"We mtoto! Huoni mwenzio anazungumza? Umelelewa wapi?"

Nikaisimamisha filamu. Cheche akabaki turubaini, nusu ameanguka, mdomo wazi. Mkunga akageuka, akautafuta mlango kwa miwani yake.

"Uniombe nini?" akauliza.

Watu wakasogea. Ikafunguka njia kutoka mlangoni hadi mbele, na mwisho wake akaonekana shemeji yangu ameshikilia komeo. Mke wangu akamsukuma kwa nyuma, si kwa upole. Akaja. Nilimpa maiki akaikataa kwa kichwa. Alifika mbele ya kile kiti akavua kofia, akapiga magoti, akasema alichosema. Sauti yake ya kweli ni ndogo, haifiki hata benchi la kwanza. Nilikuwa hatua chache kutoka kwao na sikupata neno. Nilitaka kulia na nilitaka kusikia, vyote kwa pamoja.

"Anasema nini?" watu wa nyuma wakaanza. "Spika! Tafsiri!"

Hiyo ni kazi yangu. Nikainua maiki. "Anasema hivi," nikaanza, na maneno yalikuwa yamekwisha kujipanga, mazuri, ya kuliza ukumbi. Mkunga akanyoosha mkono, akaifunika maiki kwa kiganja.

"Nyamaza wewe," akasema. "Nimemsikia."

Akakaa chini. Akamtazama Cheche kwa muda, uso wote, pande zote mbili, jinsi nadhani alivyokuwa akitutazama sisi wote siku ya kwanza, kuona kama tuko kamili. Kisha akamgeukia binti yake aliyekuwa amejifunika uso kwa viganja.

"Na wewe. Mkasi haukuwa butu?"

Jibu la msusi lilikuwa fupi kuliko yote niliyowahi kumsikia nayo.

"Ulikuwa butu mara ya kwanza tu, mama."